Jangwa na Watu Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Hapa nimekusanya maswali ambayo watu wa Mombasa huuliza kuhusu jamii za jangwani na namna zinavyoyathamini mazingira yanayozilisha. Wanaouliza ni wanafunzi, wanunuzi wa ubani, wanywaji wa maziwa ya ngamia, na wasafiri wanaopanda basi la Garissa kwa mara ya kwanza. Majibu mengi yanahusu kaskazini mwa Kenya kwa kuwa hilo ndilo jangwa la jirani zetu. Oman, Hadhramaut ya Yemen na Rajasthan ya India nazo zimeingia pale zilipo na jambo la kutuongezea.

Jangwani kuna nini cha kuthamini?

Swali hili huja la kwanza karibu kila mara, na huulizwa kwa nia njema. Aliyezoea minazi, miembe na mvua ya masika akiona picha ya Chalbi, uwanda mweupe wa chumvi na magadi uliopasuka-pasuka, huona pahali palipokwisha. Mgabra, mfugaji wa ngamia wa huko, akiutazama uwanda huohuo anaona mengine kabisa. Ukingoni, Kalacha na Maikona, kuna maji. Kandokando ya uwanda ngamia wanapata chumvi wanayoihitaji. Kaskazini vimeinuka vilima vya Huri, vinavyoota nyasi nzuri mvua ikinyesha lakini havina maji ya kudumu, kwa hiyo malisho yake yana wakati wake, na wakati huo ukipita watu na mifugo huteremka.

Kwa ufupi, vitu vipo, ila ni kidogo kidogo na vimetawanyika. Mahali ambapo mti mmoja ndio kivuli cha wazee, chakula cha mbuzi, dawa ya tumbo na boriti ya nyumba, kila anayeupita anajua ni wa nani na una ruhusa gani.

Kenya ina jangwa kweli, au ni ukame tu?

Jangwa lipo. Chalbi na Kaisut ziko Kaunti ya Marsabit, na maeneo makame na nusu kame yanachukua zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya nchi hii. Ziwa Turkana ni ziwa la kudumu kubwa kuliko yote yaliyo jangwani duniani. Huko wanaishi Wagabra, Warendille, Waborana, Waturkana, Wasamburu, Waelmolo na Wasomali, na ukiufuata Mto Tana kuteremka huku kwetu utawakuta Waorma na Wawardei. Lugha zao ni mbalimbali, dini zao vilevile. Ukimsikia mtu anasema "watu wa jangwani huamini hivi", muulize ni wa wapi hao.

Wanaonyeshaje kwamba wanayathamini maji?

Kwa sheria, na kwa jasho. Mfano ulio wazi kuliko yote ni visima virefu vya Waborana, kusini mwa Ethiopia, viitwavyo tula. Kisima kinaweza kushuka mita 30 ndani ya mwamba na udongo. Wanaume hujipanga mmoja juu ya mwenzake, kuanzia majini mpaka juu, wakisimama kwenye magogo na vipandio vilivyochongwa ukutani. Ndoo inapanda kwa kupokezanwa mkono hadi mkono, na tupu inashuka wakati huohuo. Wanaimba ili mikono yote iende pamoja, maana mmoja akichelewa ndoo inamwangukia wa chini yake. Wa mwisho anamimina kwenye hori la udongo, hori ambalo hukandikwa upya mara kwa mara ili lisivuje. Ng'ombe wamesimama mbali kidogo, wanasikia maji, wana kiu, na hawateremki mpaka waitwe.

Kisima hicho kina wenyewe. Aliyekichimba, na uzao wake baada yake, ndio wenye sauti ya kwanza. Yuko pia aba herega, msimamizi wa zamu, anayepanga kundi la nani litakunywa leo na la nani kesho kutwa. Anayetaka zamu anatoa nguvu zake: kuvuta maji, kuzoa matope, kukarabati uzio wa miiba. Maji ya watu kunywa hayanyimwi mtu, hata mgeni asiye na jamaa pale. Na kwa desturi yao maji ya kisima cha namna hii hayauzwi. Sheria zenyewe hujadiliwa na kutangazwa upya katika mkutano mkuu wa Gumi Gayo, kila baada ya miaka minane, chini ya Gadaa, mfumo wao wa jadi wa utawala. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza mfumo huo katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika.

Nikilifikiria hili hapa Mombasa linaniuma. Sisi tunakunywa maji ya chemchemi ya Mzima, ndani ya Tsavo, na ya Baricho kando ya Mto Sabaki, na ya Marere na Tiwi. Karibu yote yanatoka nje ya kisiwa, kwenye ardhi ya watu wengine, na wengi wetu tumeishi maisha yetu yote bila kuwahi kuuliza wale wanaoishi karibu na vyanzo hivyo wananufaika na nini. Bomba likikauka tunamtafuta mwenye mkokoteni wa mitungi na kulipa bei atakayotaja. Mborana angeshangaa. Kwake, kutojua maji yako yanatoka wapi na nani anayatunza ni kuishi kwa kubahatisha.

Na miti? Nasikia Waturkana wana miti yenye wenyewe porini.

Ndiyo, na si hadithi. Kando ya mito kama Turkwel na Kerio, familia ya Kiturkana huwa na eneo lake la miti liitwalo ekwar. Mti mkuu ni mgunga, ambao wao huuita ewoi. Wapita njia wanaruhusiwa kupumzika kivulini. Lakini kiangazi kikishika, maganda ya mbegu ya mti ule ni ya wenyewe, na haki hiyo hurithiwa kama shamba linavyorithiwa Kilifi au Kwale.

Mchungaji huja na ufito mrefu wenye ndoano, analikamata tawi na kulitikisa. Maganda makavu, yaliyojikunja kama pete, yanaanguka yakichakarika juu ya mchanga. Mbuzi wanaujua mlio huo. Wanaacha walichokuwa wakitafuna na kuja mbio. Yanayobaki hukusanywa na kuwekwa akiba kwa siku zile ambazo hakuna jani popote. Kuukata mgunga ulio hai wa mtu mwingine ni kesi ya kuitishwa wazee.

Kuna miti mingine ambayo thamani yake imo katika maarifa ya akina mama. Matunda ya edung hayaliwi hivihivi. Huchemshwa na maji yake kumwagwa, tena na tena, mpaka uchungu na madhara yaishe. Asiyejua utaratibu huo anaweza kukaa njaa chini ya mti wenye chakula. Esekon ndio mswaki, uleule unaouzwa kwa vifungu nje ya misikiti yetu, na matunda yake huliwa. Na kuna mkoma. Waturkana wanasuka vikapu kwa majani ya mkoma kama ambavyo mama zetu huku Pwani wanasuka mikeka na vikapu kwa miyaa yake. Mkoma uko Lodwar na uko Malindi, na watu wa pande zote mbili wanajua jani la umri gani ndilo lisilokatika.

Utaratibu wa ekwar umepata pigo. Miji ilipokua, na kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, mahitaji ya kuni na makaa yalipanda ghafla kuliko miti ya mtoni ilivyoweza kuhimili. Mnunuzi wa makaa hamjui mwenye ekwar, wala haulizi. Wazee wanaweza kumtoza faini kijana wa ukoo wao, lakini lori la usiku hawana la kulifanya.

Ubani ninaofukiza nyumbani unatoka wapi, na una uhusiano gani na haya?

Uhusiano ni wa moja kwa moja. Miti ya ubani na ya manemane inaota Pembe ya Afrika yote, na kwetu inapatikana Marsabit, Samburu, Isiolo, Wajir na Mandera. Sehemu kubwa ya ubani wa Kenya hukusanywa na wachungaji, wanawake na watoto wakiwa nyuma ya mifugo, wakibandua mabonge ya utomvu uliojitokea wenyewe kwenye gome. Kazi hii hushika kasi kiangazi, maziwa yanapopungua, kwa hiyo pesa ya ubani inaingia nyumbani wakati ule hasa ambapo pesa nyingine hakuna. Familia inayopata unga kutokana na mti huo haina sababu ya kuufanya kuni.

Kaskazini mwa Somalia utaratibu ni tofauti. Huko miti ina wenyewe kwa ukoo, na gome huchanjwa kwa kisu kidogo, utomvu ukatoka na kukauka kwa siku kadhaa kabla ya kubanduliwa. Mti unachanjwa kwa kiasi, kisha unaachwa upumzike. Mahitaji ya mafuta ya manukato duniani yalipopanda miaka ya karibuni, miti mingi ikachanjwa kupita kiasi, na mti uliochoka hautoi mbegu nzuri na huingiwa na wadudu.

Ukienda Marikiti kununua wa chetezo, au ule wa kutafuna, muulize mwenye duka umetoka wapi na nani anamletea. Wengi wao wanajua, na wanafurahi kuulizwa.

Kwa nini maziwa ya ngamia yana harufu ya moshi?

Kwa sababu chombo kimefukizwa. Kabla ya kukama, mama anatia vijinga vya moto vya mti maalumu ndani ya kibuyu au chombo cha kusuka, anakifunga, anakitikisa, anamwaga majivu na kukifuta. Moshi unaua vijidudu na maziwa yanakaa muda mrefu zaidi bila jokofu, jambo kubwa sana kwenye joto la nyuzi 38. Si kila mti unafaa. Kuna wa moshi mchungu, kuna wa moshi unaotia rangi, na kila jamii ina mti wake inaoupenda. Siku hizi hata mtungi wa plastiki hufukizwa. Wateja wengine wa mjini hudhani maziwa yameungua jikoni na kuyarudisha. Ndiyo yenyewe hayo.

Si mifugo yao ndiyo inayoleta jangwa?

Hili nimelisikia darasani, redioni na kwenye vikao vya harusi, na limewadhuru watu wengi. Mfugaji wa kuhamahama hamwachi mnyama ale mpaka mzizi. Wasomali wana sahan, watu wanaotumwa mbele kuchunguza malisho kabla kundi halijasogea: nyasi ni za aina gani, kuna maji umbali gani, kuna ugonjwa, nani ameshafika. Waborana wana wao, aburu. Waborana, Wagabra na Warendille hugawa kundi: wanyama wanaokamwa hubaki karibu na boma pamoja na watoto na wazee, na wengine wanakwenda mbali na vijana kwenye kambi za fora. Ngamia anaweza kukaa wiki nzima na zaidi bila kunywa, hivyo hupelekwa kula kule ambako ng'ombe hawezi kufika, na nyasi za karibu na kisima zinabaki kwa wasio na nguvu ya kwenda.

Ardhi iliyochakaa ipo, sikatai. Itazame iko wapi. Iko kuzunguka makazi ya kudumu. Korr na Kargi, kwa Warendille, zilikua tangu miaka ya 1970 kwa sababu ya visima vya mashine, misaada ya chakula, shule na zahanati. Watu waliokuwa wakihamisha boma lao la miiba wakakaa mahali pamoja, na kila boma linataka matawi mapya ya migunga. Baada ya miaka michache duara lote la kuzunguka kijiji lilikuwa limebaki mchanga. Mradi wa utafiti wa UNESCO ulioanza eneo hilo mwaka 1976 ulishughulika na jambo hilihili. Shule na zahanati ni haki yao, hakuna anayebisha. Kosa lilikuwa kupanga huduma hizo kana kwamba mtu hawezi kusoma wala kutibiwa bila kuacha kuhama.

Mti wa mathenge ulifikaje, na ni kweli Mombasa inahusika?

Ni kweli. Mwaka 1973 mbegu za mti huu, Prosopis juliflora na jamaa zake, ziliagizwa kutoka Brazil na Hawaii na kupandwa shamba la Baobab, Bamburi, ili kurudisha uhai kwenye machimbo ya mawe ya saruji. Ndipo mwanzo wake uliorekodiwa Kenya. Miaka ya 1980 ulisambazwa Baringo, Turkana, na Bura na Hola huko Tana River, kwa nia ya kuzuia upepo na kuwapa watu kuni. Nia ilikuwa safi, na kweli mti ulishika. Ulishika mno.

Mbuzi anakula ganda lake tamu, mbegu inapita tumboni mwake salama na kuota kila anakokwenda. Mizizi inachimbua maji ya chini. Miiba yake inatoboa kandambili na matairi, na jeraha lake hutunga usaha. Vichaka vinafunga njia za mifugo kuelekea mtoni, zile ambazo Waorma huziita malka, na njia ikifungwa mifugo inapita shambani kwa mtu. Tunajua ugomvi wa maji na malisho unavyoweza kufika Delta ya Tana: mwaka 2012 na 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Siusingizii mathenge damu hiyo, lakini kila njia ya mtoni inayozibwa inazidisha hatari.

Huko Baringo, Wachamus walikwenda mahakamani mwaka 2006 kuishtaki serikali, na wakampeleka Nairobi mbuzi aliyeng'oka meno kwa sababu ya sukari ya maganda hayo, awe ushahidi. Watu wa mjini walicheka. Mwenye mbuzi hakuwa na cha kuchekea; mnyama asiye na meno jangwani anakufa njaa amesimama kwenye majani.

Linganisha na Rajasthan, India. Huko kuna mti wa khejri, binamu wa damu wa mathenge, Prosopis cineraria. Unatoa lishe ya mifugo, mboga ya ganda, kivuli cha mtama, na Wabishnoi, jamii ya kidini ya huko, wanaulinda kama jamaa. Mwaka 1730, kijiji cha Khejarli karibu na Jodhpur, watu wa mfalme walikuja kukata miti hiyo kwa ajili ya kuchomea chokaa. Amrita Devi aliukumbatia mti na kukatwa nao, wakafuata wengine, 363 kwa jumla kwa masimulizi ya Wabishnoi, mpaka mfalme alipositisha. Mti wa khejri umeishi na watu hao karne nyingi, wanajua lini waupogoe na kiasi gani. Wafugaji wetu waliletewa mathenge bila kuulizwa kama wanautaka. Leo wanajaribu kuutafutia matumizi, makaa na chakula cha mifugo cha maganda yaliyosagwa, na wanastahili msaada wetu hasa sisi tuliokuwa lango lake.

Dini ina nafasi gani?

Kubwa. Kwa Wasomali na Waislamu wengine wa kaskazini, hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu, maji, malisho na moto, ni hoja inayotolewa kisimani kwa uzito uleule wa sheria ya serikali. Arabuni kuna pia hima, malisho yanayofungwa kwa muda ili yapone. Mtume alitenga Naqi' karibu na Madina, na Khalifa Umar akatenga Rabadha. Hima za makabila ziliendelea kwa karne nyingi, na miaka ya 1950 Saudia ilipoondoa mamlaka ya makabila juu yake, nyingi zililishwa mpaka zikakwisha.

Wako Mombasa wengi wenye asili ya Oman na Hadhramaut, na wao wana ya kusimulia. Oman ina aflaj, mifereji inayoleta maji kutoka chini ya milima kwa mteremko tu, bila pampu. Takriban 3,000 bado zinatumika, na 5 kati yake ziliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yakitokeza, mahali pa kwanza ni pa kunywa watu wote, kisha msikiti na mabafu, kisha mitende, na mazao ya msimu ndiyo ya mwisho. Zamu ya kila shamba ilipimwa mchana kwa kivuli na usiku kwa nyota. Hadhramaut nako mkunazi ndio mti wa asali yao maarufu, mti uleule ambao majani yake tunamwoshea maiti.

Wagabra wana mlima wao, Forole, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, ambao hupandwa kwa jila, hija zao za nyakati zilizopangwa. Anayewajua Wamijikenda na kaya zao, misitu yao mitakatifu, hatapata shida kuelewa kwa nini mtu haendi na shoka Forole.

Na wanyama wa porini?

Garissa, upande wa Ijara, Wasomali wa huko walitoa sehemu ya ardhi yao kumlinda hirola, swala ambaye amebaki chini ya 500 duniani na ambaye asili yake ni eneo la mpaka wa Kenya na Somalia. Hifadhi ya Ishaqbini ni ya jamii, na mwaka 2012 walizungushia sehemu yake uzio ili hirola wazaane bila kuliwa na simba na mbwa mwitu. Kaskazini zaidi, Samburu na Marsabit, punda milia wa Grevy anategemea visima vya mchangani vinavyochimbwa na wafugaji kwenye laga, mito inayopita maji siku chache tu kwa mwaka. Usiku, watu wakiondoka, baadhi huacha kisima wazi ili punda wanywe.

Ardhi ile ni ya nani? Wengine wanasema ni ardhi tupu.

Hakuna ardhi tupu kule. Iliyoonekana haina mtu mwezi huu imehifadhiwa kwa ajili ya mwezi wa tano, au kwa mwaka mbaya. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inaitambua ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ilipitishwa 2016. Usajili umekwenda polepole, na wawekezaji wamekwenda haraka. Mradi wa umeme wa upepo karibu na Loiyangalani, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, ulizinduliwa Julai 2019. Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ile, ekari 150,000, zilipatikana kinyume cha sheria. Umeme safi tunautaka sote, na taa za Mombasa zinanufaika. Ila kuuliza kwanza kungewezekana.

Si waligundua ziwa la maji chini ya Turkana?

Septemba 2013 ilitangazwa kwa shangwe hifadhi kubwa ya maji chini ya uwanda wa Lotikipi. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa maji hayo yana chumvi nyingi mno kunyweka. Yale ya Napuu, karibu na Lodwar, ni madogo zaidi na ni mazuri.

Ukame mkubwa ukija, thamani hiyo inawasaidia nini?

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Hakuna desturi inayoweza kuzuia pigo kama hilo. Desturi inasaidia baadaye. Mgabra aliyebakiwa na ngamia humkopesha aliyefilisika jike la maziwa kwa utaratibu uitwao dabare; Mrendille hufanya hivyo kwa ule wa maal; Waborana huchanga mifugo kwa ukoo kupitia busa gonofa. Anayepewa haoni aibu, kwa kuwa ni zamu. Tangu 2010 kumekuwa pia na bima ya mifugo iliyoanzia Marsabit, inayotazama kwa setilaiti kijani cha malisho na kulipa yanapokauka kupita kiwango.

Ila mzunguko wenyewe wa ukame unafupika. Zamani kundi lilikuwa na miaka ya kuzaana upya kabla ya pigo jingine. Wafugaji hawa wametia moshi kidogo sana hewani kulinganisha na watu wa magari na viwanda, na wao ndio wa kwanza kulipa.

Nikitaka kwenda kujionea nifanyeje?

Lami sasa inafika kutoka Nairobi kupitia Isiolo na Marsabit mpaka Moyale. Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, huwa na tamasha la utamaduni ambapo jamii nyingi za Marsabit hukutana, na ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mgeni. Ukikaribia kisima, simama mbali, toa salamu, subiri uitwe. Usipige picha ya watu wanaonywesha mifugo kabla ya kuomba ruhusa kwa msimamizi, kwani wako kazini na wako nusu uchi. Usivunje tawi kwa ajili ya moto, hata likionekana kavu. Uliza kuni zinapatikana wapi, utaonyeshwa au utauziwa. Na beba maji ya safari nzima kutoka mjini, ya kunywa na ya kuoga, ili usije ukaingia kwenye zamu ya mtu.